Usawa na Ufanano: Mapambano ya Haki katika Nyanza ya Kusini

1. Utangulizi

Neno usawa, kama litumikavyo katika Kiswahili, lina maana mbili ambazo aghalabu hazitenganishwi. Kwanza, watu wawili huwa sawa ikiwa wana haki zile zile na wanastahili heshima ile ile. Pili, vitu viwili huwa sawa ikiwa vinafanana, au ikiwa vimesawazishwa, kama fundi asawazishavyo sakafu kwa kukwangua palipoinuka na kujaza palipobonyea. Katika mazungumzo ya kila siku kuchanganya maana hizi hakuleti hasara kubwa. Katika historia hasara imekuwapo, na makala haya yanakusudia kuionyesha kwa kuchunguza eneo moja tu: nchi iliyoitwa Kavirondo ya Kusini wakati wa ukoloni, kisha Nyanza ya Kusini, na ambayo leo, tukiiacha nchi ya Wagusii, imo katika kaunti za Homa Bay na Migori.

2. Usawa dhidi ya daraja za kikoloni

Upinzani wa awali dhidi ya daraja za kikoloni haukutumia neno usawa hata kidogo. Mnamo mwaka 1913 Onyango Dunde, mtu wa Alego, alitangaza kwamba amepewa ujumbe na Mumbo, joka la ziwani: Wazungu wangetoweka na Waafrika wangekaa kwa neema katika nchi yao. Imani hiyo ilienea kusini mwa ghuba hadi kwa Wagusii. Serikali iliwahamishia Lamu baadhi ya viongozi wake, na mwaka 1954 ikaipiga marufuku. Wako waliouona Umumbo kuwa ushirikina mtupu. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba wafuasi wake walikwisha kukataa fikira iliyokuwa msingi wa utawala wenyewe, yaani kwamba mtu mweupe yuko juu kwa amri ya maumbile. Walichotazamia kilikuwa kupinduliwa kwa daraja. Kugawana haki ndani ya taifa moja lilikuwa wazo la kizazi kilichofuata.

Kizazi hicho kilipata msemaji wake mashuhuri katika Tom Mboya, ambaye nyumbani kwao ni kisiwa cha Rusinga. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya, akakuta mishahara ikipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia kati, Mwafrika chini, ingawa kazi ni moja. Ni kutokana na hali hiyo ndipo alipoingia katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao.

Katika siasa daraja hizo zilikuwa wazi zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 iliwakuta Waafrika zaidi ya milioni 5 nchini Kenya, na Wazungu wasiofika 30,000. Lakini katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1957 Wazungu walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa, na Waafrika 8. Tena Waafrika wenyewe hawakupiga kura kwa usawa: mtu aliweza kupewa hadi kura 3, kwa kadiri ya elimu yake, mapato yake na mali yake, na wengi hawakupata hata moja. Mboya na wenzake walioingia Barazani kwa utaratibu huo walikataa kushika nyadhifa za uwaziri, wakadai kila mtu apige kura moja. Hapa maana ya kwanza ya usawa ilikuwa dhahiri. Hakuna aliyedai Mwafrika afanane na Mzungu. Walichodai ni kwamba kutofanana kusiwe sababu ya kunyimwa haki.

3. Mjadala wa mwaka 1965

Baada ya Uhuru swali liligeuka. Serikali ilitoa Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, na Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkuu. Waraka ulitaja haki ya kijamii miongoni mwa shabaha zake, lakini ulishauri pia kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezaa haraka zaidi: penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Mwaka huo huo Barack Obama, mchumi ambaye asili ya jamaa zake ni Kendu Bay, aliuhakiki waraka huo katika jarida la East Africa Journal. Alihoji kwa nini haukushughulikia vya kutosha ugawaji wa mali, iliyokuwa bado mikononi mwa wachache. Kwa hiyo watu wawili ambao asili yao ni ufuo mmoja wa ziwa walitofautiana si juu ya thamani ya usawa, bali juu ya wakati wake: je, mali izalishwe kwanza kisha igawanywe, au mgawanyo uwe sehemu ya uzalishaji tangu mwanzo?

4. Usawa wa lugha

Kuna swali la tatu ambalo hakuna kati yao aliyeliuliza, nalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Rusinga, pamoja na Mfangano, Gwassi na Kaksingri, ni nchi ya Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao masimulizi yao huwataja wahenga waliovuka ziwa kutoka Uganda. Lugha yao ni jamaa ya Kikuria na Kigusii. Wakati Mboya alipokuwa akidai haki Nairobi, katika Rusinga Kisuba kilikuwa kimekwisha kuiachia Dholuo nafasi yake. Mfangano ndiko kilikodumu zaidi.

Sababu zake ni nyingi. Ndoa na biashara pamoja na Waluo zilianza kabla ya ukoloni, na wala hazikuwa jambo la kulaumiwa. Lakini baadaye ziliongezeka nguvu za taasisi. Wamisionari wa Kiadventista waliofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, walijifunza Dholuo na kuiandika. Nayo ikawa lugha ya kitabu na ya ibada. Mtoto wa Kisuba alifundishwa kusoma kwa lugha ya jirani yake. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, iliyopendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha itawalayo katika eneo la shule, ilikuwa na nia njema, lakini katika nchi kama hii ilimpa aliye wengi kile alichokuwa nacho tayari.

Wakuria wa Migori, wenye ndugu wengi upande wa pili wa mpaka, Tanzania, waliihifadhi lugha yao. Kwa hiyo methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa haitoshi kueleza yaliyotokea: humlaumu mwachaji bila kumwuliza aliachishwa na nini.

Jambo hili si la Nyanza peke yake. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalitangaza usawa wa raia. Mwaka 1794 Abbé Grégoire akatoa ripoti ya kutaka lahaja za mikoani zifutwe na Kifaransa kienezwe kwa wote. Kwake yeye raia walio sawa hawakuwa na budi kusema sawa. Maana ya pili ilikuwa imeimeza ya kwanza.

5. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitenganisha maana hizi vizuri kuliko desturi yetu ya kusema. Ibara ya 27 inakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya lugha yake, na Ibara ya 7 inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi, huku Kiswahili kikiwa lugha ya taifa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwahesabu Wasuba zaidi ya 150,000. Lakini kuhesabiwa kuwa Msuba si sawa na kusema Kisuba.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tuna wajibu wa pekee hapa, kwa kuwa lugha yetu nayo ina uwezo wa kusawazisha kwa kukwangua. Wazee wa Mfangano wanaokumbuka Kisuba hawatatungoja, wala kamusi haitungwi na marehemu. Idara zetu na ziwatume wanafunzi wakayaandike maneno hayo kwa maana zake katika Kiswahili, ili lugha ya taifa iwe mhifadhi wa lugha ndogo badala ya kuwa mrithi wake.