KABLA HUJAUZA NG'OMBE KWENDA INDIA (Sehemu ya 3: safari ya karatasi ya moyo)

Sehemu ya pili tuliishia kwenye moyo unaoanza kwenda mbio ghafla, na swali mlilonitumia wengi ni lile lile: "Sista, tuuze ng'ombe tumpeleke India?" Wengine mmetaja kiwanja. Mmoja ametaja karasha lake kule machimboni. Hebu tupumue kwanza, leo nawapa historia.

Moyo una umeme wake, ndio unaoupigisha. Umeme huo ukipita njia isiyo yake, moyo unakimbia, au unasuasua. Ubaya wake ni kwamba tatizo linakuja na kuondoka. Uko zako sokoni Katoro unapanga vitenge, moyo unashika kasi kama unafukuzwa, dakika kumi, ishirini. Unapanda bodaboda. Ukishuka getini kwenye kituo cha afya, umetulia. Unapimwa ECG, kile kipimo cha kubandika nyaya kifuani, kinatoka safi. Unarudi nyumbani umeambiwa ni mawazo, na majirani wanaongeza la kwao kwamba umerogwa.

Sasa tuanzie mbali kidogo. Aliyetengeneza mashine nzuri ya kwanza ya kuchora umeme wa moyo ni Mholanzi, Willem Einthoven, katika mji wa Leiden. Mashine yake ilikuwa kubwa, haihamishiki, na wagonjwa walikuwa hospitali, kama kilomita moja na nusu kutoka maabara yake. Mwaka 1905 akatumia waya wa simu. Mgonjwa alikaa kule kule hospitali, mikono na mguu wake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi (ndivyo walivyopima enzi hizo, msicheke), na umeme wa moyo wake ukapita kwenye waya hadi maabara ukachorwa huko. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini mimi kinachonigusa ni kwamba tangu mwanzo kabisa, mgonjwa alibaki kitandani kwake, ukasafiri mchoro.

Inayofuata naipenda zaidi. Mwaka 1928 huko Boston, Marekani, mwalimu wa michezo wa miaka 35 alikwenda kwa Dk. Paul Dudley White akilalamika hivyo hivyo: moyo unakimbia, kisha unaacha. Mchoro wake ulikuwa wa ajabu, na White na mwenzake Louis Wolff hawakujua wauweke fungu gani. White akavuka nao bahari kutafuta maoni ya wenzake. Vienna hawakuuona wa maana sana. London, Dk. John Parkinson akafukua mafaili yake, akakuta wagonjwa wengine wenye mchoro kama ule! Mwaka 1930 wote watatu wakaandika kuhusu wagonjwa 11, wengi wao vijana ambao mioyo yao vinginevyo ilikuwa mizima. Hali hiyo inaitwa kwa majina yao mpaka leo, na siku hizi inatibika kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa mpaka kwenye moyo, bila kupasua kifua.

Daktari mkubwa wa Marekani alihitaji jicho la mwenzake wa ng'ambo. Kwa hiyo kutaka maoni ya pili si kumdharau daktari wako. Ila kilichopanda meli kilikuwa karatasi.

Basi India imetoka wapi vichwani mwetu? Imetoka kwenye ukweli. Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania mwenye tundu kwenye moyo au valvu iliyoharibika hakuwa na pa kupasuliwa hapa. Serikali ilipeleka wagonjwa India, Lions Club ya Dar es Salaam ikapeleka watoto. Wengine, wakiwemo wa Zanzibar na wa kanda yetu ya Ziwa, walikwenda Israeli kupitia Save a Child's Heart, shirika lililoanzishwa na Dk. Ami Cohen mwaka 1995. Daktari huyo alifia hapa kwetu, akipanda Kilimanjaro, mwaka 2001. Shirika lake halikuishia kuchukua watoto tu. Lilimfundisha Dk. Godwin Godfrey wa Bugando, miaka kadhaa kule Israeli, akarudi kuwa daktari bingwa wa kupasua mioyo ya watoto. Muhimbili nao walianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI. Leo JKCI wanaweka betri za moyo, na wana mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo na kutibu njia iliyokosea.

India ilikuwa jibu la tundu na valvu. Umeme ni swali jingine, na mtaalamu awe Dar, Chennai au London, kitu cha kwanza atakachokuuliza ni mchoro uliochukuliwa moyo ukiwa unakimbia. Ukifika huko na karatasi safi ya siku moyo ulipotulia, ng'ombe wameisha na swali liko pale pale.

Kwa hiyo ukianza kukimbia, ondoka hapo hapo, usisubiri upoe. Ukifika sema, "Unakimbia sasa hivi, naomba ECG kwanza." Omba nakala. Ipige picha mchana, imenyooka, yote, jina na tarehe vionekane. Karatasi ile inafifia kwa joto, na nyumba zetu za bati mnazijua, kwa hiyo usiiweke juu ya kabati wala kwenye mfuko wa nailoni. Andika ulianza saa ngapi, ukaacha saa ngapi, ghafla au polepole, ulizimia au la, na kama kwenye ukoo kuna kijana aliyeanguka akafa ghafla. Hilo la mwisho watu hulificha, na ndilo daktari analitaka sana.

Karatasi hiyo mpe daktari wako aitume kwa bingwa, kuanzia Geita mjini, Chato au Bugando, mpaka JKCI. Ikibidi kuvuka mpaka, wao ndio watasema, kwa barua. Usimtumie dalali wa "mwaliko wa India" aliyekutafuta WhatsApp.

Hapa hatungoji karatasi: aliyezimia akikimbia au akibeba mzigo, mjamzito ambaye moyo unakimbia na pumzi inakata, mwenye maumivu ya kifua, na kichanga anayekataa ziwa, anatoka jasho na kupumua haraka haraka. Hao ni bodaboda sasa hivi, hata saa nane ya usiku.

Sehemu ya nne nitaongelea koo la mtoto linalouma kila mara, na jinsi linavyofika kwenye valvu ya moyo. Maswali yaacheni hapa chini, nikitoka zamu nitayajibu.