Kubadilisha injini ya gari la zamani

Kubadilisha injini ni kung'oa injini ya gari na kufunga iliyotoka kwenye gari jingine, aghalabu la kampuni hiyohiyo. Mfano mzuri ni Toyota AE86, yaani Corolla Levin na Sprinter Trueno za 1983 hadi 1987, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Wengi huifungia 4A-GE ya valvu 20, injini ya Corolla za miaka ya 1990 zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Bloku yake na ya injini ya awali ya AE86 ni za ukoo mmoja, hivyo giaboksi ya T50 ya AE86 huingia bila shida.

Kazi ngumu iko nyuma ya silinda hedi. Injini ikikaa kwa urefu wa gari, distributa hugonga ukuta unaotenga injini na abiria, na mdomo wa maji ya rejeta hutazama ukuta huohuo. Distributa huhamishwa, au huondolewa na kila plagi kupewa koili yake. Njia ya maji hutengenezwa upya. Nyaya na kompyuta huchukuliwa pamoja na injini. Anayeongeza nguvu aanze na breki, kwani za awali zilipangiwa injini dhaifu zaidi.