Kalunga na Nchi ya Kenzera

Mwezi wa Aprili 2024 ulitolewa mchezo wa video uitwao Tales of Kenzera: Zau. Mwasisi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliubuni kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake, mzee aliyemlea kwa hadithi. Waweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili, jambo lililo nadra katika fani hiyo. Kisa chake ni hiki: Zau, mganga kijana, amefiwa na babaye, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kupatana naye kwamba akimletea roho tatu kubwa, baba atarudishwa.

Yasemwa kuwa mchezo huu umetokana na hadithi za Wabantu. Mwalimu atakayeulizwa habari zake yafaa aanze na neno hilo lenyewe. “Bantu” ni jina la wataalamu wa lugha, lililoingizwa katika elimu na Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyeishi Cape Town, kwa sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862. Halikuwa jina la taifa moja wala la dini moja. Ndiyo maana Kalunga naye si mmoja. Kwa Wakongo ni maji yatengayo walio hai na wafu. Kwa Waovambo wa Namibia ni jina la Mungu. Kwa Wambundu wa Angola yuko Kalunga-ngombe, bwana wa kuzimu.

Kwa Wambundu hao ndiko iliko ngano inayokaribiana mno na kisa cha Zau. Héli Chatelain aliichapisha mwaka 1894 katika mkusanyo wake wa ngano za Angola. Mfalme Kitamba alifiwa na mkewe mkuu, Muhongo. Kwa uchungu akaamuru kijiji kizima kiomboleze: vijana wasipige kelele, wanawake wasitwange, mtu asinene. Wazee walipochoshwa na kimya hicho walimwita mganga. Naye akachimba kaburi mekoni mwake, akamwagiza mkewe apamwagie maji kila siku, akashuka. Huko chini alimkuta Muhongo ameketi akishona kikapu. Bibi huyo hakuomba kurudi. Alimwonyesha Kalunga-ngombe, ambaye hutumaliza sote. Akamwonyesha na mtu mwingine aliyefungwa mnyororo, na kumbe ni Kitamba mwenyewe, aliyekuwa angali hai juu ya ardhi! Kisha akampa bangili aliyozikwa nayo iwe ushahidi, maana afikaye huko harejei. Mfalme alipoonyeshwa bangili aliitambua.

Sidai kwamba waandishi wa mchezo waliisoma ngano hii. Lakini kimya cha Kitamba na vita vya Zau ni ukaidi ule ule wa mfiwa, na Zau naye mwishowe hupaswa kuukubali msiba.

Tukija kwenye zile roho tatu, mambo hubadilika. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa, Wazulu na Wampondo, na hao ni Wabantu kwa lugha. Kikiyaon hutajwa katika masimulizi ya Afrika Magharibi. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu hata kidogo. Msanii ana ruhusa ya kuchanganya. Sisi washairi tumeitumia ruhusa hiyo tangu zamani, wala hatujaomba radhi. Lakini Wakhoikhoi walianza kunyang'anywa malisho yao baada ya Waholanzi kuweka kituo Rasi mwaka 1652, na si haki ngano zao nazo ziandikishwe kwa jina la jirani. Bleek yule yule hakuzichanganya: mwaka 1864 alichapisha ngano za Wakhoikhoi katika kitabu cha peke yake, na ushindi wa shujaa Heitsi-Eibib umo.

Masimulizi mengine ya ushindi huo ndiyo yanayomtaja GaGorib. Huketi ukingoni mwa shimo, jiwe kalibandika pajini, akiwachokoza wapitao wamtupie. Kila atupaye, jiwe humrudia yeye, akaanguka shimoni. Heitsi-Eibib alipofika alikataa kutupa. Akamzungumzisha mpaka GaGorib akageuza macho pengine, ndipo alipompiga nyuma ya sikio, naye akatumbukia katika shimo lake mwenyewe.