Ncha ya Sindano, Tundu la Kiua

Kofia ya babu ilikuwa inaondoka. Mjomba alikuwa anarudi Muscat, na ukoo ulishakubaliana kwamba aichukue yeye, maana ndiye mtoto wa kiume pekee. Siku tatu kabla ya safari mama akaniita: "Nipigie picha. Lakini sitaki kofia tu. Nataka nione mkono wa mama."

Mama yake, yaani bibi yangu, ndiye aliyeishona. Ni kofia ya viua: duara la juu, ukanda wa pembeni, na mamia ya matundu yaliyotobolewa kwenye kitambaa cheupe, kila tundu likazungushiwa uzi kwa sindano. Nikajibu, rahisi tu. Nikatoa simu, nikawasha taa yake, nikapiga. Kilichotoka ni kitu cheupe, bapa, kama sahani. Mkono wa bibi haukuwamo.

Usiku ule nilikumbuka kitabu cha Robert Hooke, *Micrographia*, kilichotoka London mwaka 1665. Watu wengi wanakijua kwa ule mchoro wa kiroboto mkubwa wa kutisha. Wanachosahau ni kwamba Hooke hakuanza na wadudu. Alianza na vitu vilivyotengenezwa na binadamu: ncha ya sindano, makali ya wembe, kitambaa cha kitani, kisha hariri. Aliviweka chini ya hadubini, na hukumu yake haikuwa na huruma. Ncha tunayoiona kali ilikuwa butu na yenye mashimo. Hata nukta iliyochapwa kitabuni ilionekana kama doa la uchafu. Kwake, kazi ya maumbile ukiikaribia inazidi kupendeza, na kazi ya mikono ya watu inazidi kuumbuka.

Karibu miaka 180 baadaye akaja Mwingereza mwingine, William Henry Fox Talbot, mmoja wa waasisi wa upigaji picha. Kitabu chake, *The Pencil of Nature*, kilitoka kwa mafungu kati ya 1844 na 1846, na picha ya 20 humo ni kipande cha lesi. Hakutumia kamera. Lesi ililazwa juu ya karatasi yenye dawa, ikaachiwa mwanga. Palipozibwa na uzi pakabaki peupe, palipo wazi pakawa peusi. Ndipo nikaelewa kosa langu. Uzi mweupe juu ya cheupe hausemi kitu. Tundu linahitaji giza nyuma yake.

Asubuhi nikachukua kaniki ya bibi, nikaikunja, nikaitia ndani ya kofia. Nikazima taa ya simu, nikaisogeza kofia karibu na dirisha ili mwanga uje kwa ubavu, kwa sababu mwanga wa mbele unafuta vivuli, na bila kivuli uzi hauna unene. Nikabandika kilenzi cha kukuzia juu ya kamera ya simu, nikaiegemeza simu kwenye vitabu, nikaweka saa ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Ukikaribia kiasi hicho, sehemu inayoonekana wazi ni milimita chache tu. Kwa hiyo nikaugeuza ukanda ukabiliane na lenzi sawasawa, kisha nikawa nasogeza simu kidogo mbele, kidogo nyuma, hadi uzi ukawaka. Kamera ikiona weupe mwingi huutia ukijivu, basi nikaongeza mwanga kidogo. Nikauzunguka ukanda wote, picha 40 hivi.

Kumbe ni kusoma. Mshairi anahesabu mizani, mshona kofia anahesabu matundu, na msomaji anayekwenda polepole ndiye anayesikia pale pumzi ilipobadilika. Kwenye duara la juu mishono ilikuwa imebana, midogo, sawasawa. Kwenye ukanda vilevile, mpaka robo ya mwisho. Hapo mishono ikarefuka, uzi ukalegea, na kiua kimoja kilikuwa kimetobolewa bila kuzungushiwa uzi.

Nikamwonyesha mama. Akavaa miwani, akakuza picha kwa vidole, akanyamaza muda mrefu.

"Hapa macho yalimshinda," akasema. Kisha akagusa ile robo ya mwisho. "Na hapa ni mimi. Nilikuwa na miaka 12. Alinipa sindano, akanionya nisimwambie baba."

"Babu alijua?"

"Hakuwahi kusema. Aliivaa kila Idi."

Nimemfikiria sana Hooke tangu siku hiyo. Alichokiona alikiona kweli: kwa karibu, kazi ya mkono imejaa kasoro. Mimi nadhani alikosea alipofika kwenye maana. Kwenye ncha ya sindano aliona mtu aliyeshindwa kuiga maumbile. Kwenye mishono iliyolegea mimi niliona mwanamke anayepoteza nuru ya macho na mtoto anayemfichia siri, na pengine mzee aliyejua na akakaa kimya. Kofia isingekuwa na kosa, nisingeyajua haya.

Mjomba ameondoka nayo. Mama amebaki na picha moja tu kati ya 40, ameichapisha na kuibandika karibu na cherehani yake. Ni ile ya kiua ambacho hakikushonwa.