Swali la Sita

Mnywaji aliyeamka na kichwa kizito na mikono inayotetemeka hatafuti chai. Anatafuta bilauri ya kwanza ya siku ili mwili utulie. Tanzania husema anakwenda kuzimua. Vijana wa Nairobi husema anatoa loki. Madaktari wa lugha nyingi hulieleza jambo hilo kwa sentensi nzima, nalo ndilo swali la sita katika hojaji fupi ya maswali 10 ambayo leo hutumika katika zahanati na hospitali za mabara yote. Hojaji hiyo inaitwa AUDIT. Ilitungwa chini ya Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 1982, na kati ya wagonjwa waliohojiwa ili maswali yake yapatikane, wamo Wakenya.

Habari hiyo haisimuliwi sana kwetu, na inastahili kusimuliwa. Afrika Mashariki imezoea kuizungumzia pombe kwa lugha mbili, ya mahakama na ya mimbari. Lugha ya tatu, ya muuguzi anayeuliza kwa upole na kusikiliza jibu, ilichelewa kufika, ingawa sehemu ya mizizi yake iko hapa hapa.

Lugha ya mahakama ina zaidi ya karne moja. Mkataba wa Brussels wa 1890, uleule uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia pia kuingizwa kwa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Watawala wa kikoloni waliokuja wakaongeza sheria zao: nani apike, nani auze, nani anywe nini. Kwa miongo kadhaa Mwafrika wa Kenya alinyimwa bia ya chupa na pombe kali, huku mzungu akinywa baa bila kuulizwa. Katika miaka ya 1920 halmashauri ya mji wa Nairobi ikafungua kilabu chake cha pombe Pumwani na kujitwalia haki ya kuuza. Mwanamke aliyepika pombe yake nyumbani mtaa wa pili alikamatwa, pombe ikamwagwa, akatozwa faini au akafungwa. Pombe ya halmashauri iliendelea kuuzwa, na faida yake ikaingia katika mfuko wa mji.

Uhuru ulikuja, misako ikabaki. Chang'aa ya Kenya na gongo ya Tanzania zilipigwa marufuku, zikahamia vichochoroni, na huko hakuna aliyejua kilichomo ndani ya kibuyu. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Kinywaji chenyewe kiliitwa kumi kumi, kwa bei yake ya shilingi 10. Miaka 10 baadaye Kenya iligeuza njia: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliifuta ile ya kupiga marufuku chang'aa, ikataka ipikwe kwa leseni na ifungwe kwenye chupa. Tanzania nayo ilipiga marufuku viroba, zile pombe kali za pakiti, kuanzia Machi 1, 2017. Hatua hizo zina maana yake, hasa viroba, kwani mtoto wa shule aliweza kukificha kimoja mfukoni. Lakini sheria yoyote humkuta mnywaji akiwa nje, mkononi mwa polisi au mlangoni mwa baa. Haimfikii akiwa kwenye benchi la wagonjwa, anasubiri kuonwa kwa ajili ya kidonda cha tumbo, shinikizo la damu au mkono uliovunjika Jumamosi usiku.

Madaktari nao walichelewa kulitazama benchi hilo. Hadi miaka ya 1970, tiba ya ulevi ilimsubiri mtu mpaka aanguke kabisa: kazi imekwenda, nyumba imevunjika, ini limeharibika. Ndipo alipolazwa kwa wiki au miezi. Mwaka 1977 watafiti wawili wa London, Griffith Edwards na Jim Orford, walichapisha matokeo yaliyowashtua wenzao. Walichukua wanaume 100 waliooa, wote wenye tatizo la pombe. Nusu walipewa tiba kamili ya miezi. Nusu walipimwa vizuri, kisha wakakaa na wake zao kwenye kikao kimoja cha ushauri, wakaambiwa kwamba uamuzi sasa uko mikononi mwao. Baada ya mwaka mmoja, makundi mawili hayakuwa na tofauti ya maana.

Mjini Malmö, Sweden, daktari Hans Kristenson alianza mapema zaidi katika safari ya mlevi. Aliwapima damu wanaume wa makamo ambao hawakujiona wagonjwa, akawatenga wale ambao damu ilionyesha ini linalemewa. Kundi moja liliitwa mara kwa mara kuzungumza na daktari na muuguzi. Lingine lilipata barua tu ya kuwashauri wapunguze. Ripoti yake ya 1983 ilionyesha kuwa wale wa barua walilazwa siku nyingi zaidi, na wengi zaidi walikufa.

Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 1980, kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilisema kinachokosekana ni njia rahisi ya kuwatambua wanywaji kabla hawajaharibika. Kipimo cha damu kina gharama, na kituo cha afya cha kijijini hakina maabara ya Malmö. Kilichohitajika ni maswali. Na maswali hayo yasiwe ya nchi moja, kwa sababu maswali yaliyokuwapo yalitokana zaidi na walevi wa Marekani waliokwisha kulazwa. Kazi ikagawanywa kwa nchi sita: Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Mexico na Norway. Wagonjwa wa kawaida 1,888 waliokwenda kutibiwa mambo mengine waliulizwa maswali mengi sana, kisha yakachujwa yakabaki yale yaliyofanya kazi kote. AUDIT ilichapishwa rasmi mwaka 1993.

Muundo wake ni mwepisi. Maswali matatu ya kwanza yanahusu kiasi: mara ngapi, kiasi gani, na mara ngapi unapitiliza kwa mkupuo mmoja. Matatu yanayofuata yanatafuta utegemezi, na hapo ndipo kuzimua kunapoingia. Manne ya mwisho yanagusa madhara: majuto, kusahau ya jana, kujiumiza au kumuumiza mwingine, na kama kuna ndugu, rafiki au mhudumu wa afya aliyewahi kukwambia upunguze. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, jumla 40. Ukifika 8, unastahili ushauri. Ukifika 20, unastahili kuonwa na mtaalamu.

Kisha likaja swali la pili: mtu akishatambuliwa, afanyiwe nini? Shirika hilohilo liliendesha jaribio katika nchi nane, Kenya na Zimbabwe zikiwemo, kwa wanywaji 1,559 ambao bado hawakuwa watumwa wa chupa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Wanaume waliopewa ushauri walipunguza unywaji wao wa siku kwa takriban asilimia 17 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Dakika 5 za maneno ya wazi zilifanya kazi sawa na dakika 20 za unasihi. Kwa wanawake, waliopewa na wasiopewa walipunguza vilevile, pengine kwa sababu kule kuulizwa tu kulitosha kuwafanya wajitazame. Dakika 5: mgonjwa wa foleni ya asubuhi hutumia muda mrefu zaidi kusubiri kadi yake.

Ugumu ulikuwa kwenye vipimo. Hojaji huhesabu kwa kipimo chenye takriban gramu 10 za kilevi halisi. Hesabu hiyo ni rahisi kwa glasi ndogo ya divai. Bia yetu ya nusu lita, yenye kilevi cha asilimia 5, ina karibu gramu 20, kwa hiyo anayesema kwa unyoofu kwamba alikunywa mbili tu amekunywa vipimo vinne. Na hapo ni chupa. Mbege ya Kilimanjaro hupikwa kwa ndizi, kimea cha ulezi na gome chungu la msesewe, hunywewa kwa kata inayozunguka mkono hadi mkono, na ukali wake hutegemea mpishi na siku. Magharibi mwa Kenya wazee huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ni nani atakayehesabu? Muuguzi anayejua kazi yake humwuliza mtu ni kata ngapi, hutumia bei aliyolipa, humwuliza alirudi vipi nyumbani. Hayo hayamo kwenye karatasi. Ni ujuzi wa mtu anayeijua jamii yake.

Ndiyo maana kilichofanyika Moshi kina uzito. Hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea majeruhi wa ajali na ugomvi kutoka eneo zima la Kilimanjaro. Watafiti wa huko, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, waliipima AUDIT kwa Kiswahili miongoni mwa majeruhi hao, kisha wakatengeneza ushauri mfupi unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi huketi na majeruhi kitandani, jeraha likiwa bado bichi, wakazungumza kuhusu kinywaji na kilichomleta. Baadaye ujumbe mfupi wa simu humkumbusha. Eldoret, kwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, watafiti walionyesha mwaka 2011 kwamba hata wanasihi wasio na shahada wakifundishwa vizuri wanaweza kuendesha mafunzo ya wiki sita na unywaji ukapungua.

Njia hii ina mipaka yake. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 haukuona kwamba ushauri ulizidi kijikaratasi cha maelezo kilichoambatana na matokeo ya mgonjwa. Na aliyefika kwenye kuzimua kila asubuhi hasaidiwi kwa dakika 5. Akiacha ghafla peke yake anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe kwa daktari, asiambiwe ajikaze.

Kwa walio wengi, wale ambao bado wanaamka wakatafuta chai, kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza. Ewe muuguzi, ewe mganga wa zahanati, ewe mhudumu wa afya wa kijiji: maswali yapo, yapo kwa Kiswahili, na hayahitaji maabara. Mgonjwa ajaye akikaa mbele yako, mwulize.