Majeraha ya raga ya ridhaa: Kinga huanzia kwenye daftari

MCHEZAJI wa raga ya kulipwa anapovunjika mkono, daktari wa klabu huwa yuko kando ya uwanja na mshahara wake huendelea kuingia. Mwenzake wa ridhaa, anayecheza kwa mapenzi tu, hukimbizwa hospitalini kwa gari la rafiki. Ifikapo Jumatatu, ikiwa ni mwashi au fundi wa magari, hana mkono wa kumpatia riziki.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa tiba ya michezo wamejishughulisha kwa miaka mingi na majeraha ya wachezaji wa ridhaa, hususan katika raga ya ligi. Walilolibaini ni kwamba sehemu kubwa ya majeraha hayo si bahati mbaya. Huja kwa mpangilio unaoweza kutambuliwa, na kinachotambulika chaweza kupunguzwa.

Chimbuko la mchezo

Raga ya ligi ni ndugu wa raga ya wachezaji 15 inayofahamika zaidi humu nchini. Ilizaliwa Agosti 29, 1895, katika hoteli moja mjini Huddersfield, Uingereza, wakati vilabu vya kaskazini mwa nchi hiyo vilipojitenga na chama cha raga. Kiini cha mzozo kilikuwa ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa vibarua wa migodi na viwanda, na vilabu vyao vilitaka kuwafidia kwa siku za kazi walizozipoteza kwa ajili ya mechi. Chama kilikataa.

Tangu 1906 kila timu ya raga ya ligi huwa na wachezaji 13. Timu yenye mpira hupewa nafasi sita za kukabwa na kuangushwa kabla ya kuusalimisha kwa wapinzani. Kila mchezaji anapoangushwa, walinzi hurudi nyuma mita 10 kisha huja mbio kukabiliana na mshambuliaji mwingine. Kwa hivyo, watu wawili wazito hugongana kwa kasi mara nyingi katika dakika 80 za mechi.

Hesabu kutoka Australia

Mojawapo ya tafiti zinazorejelewa sana ilichapishwa mwaka 2000 na mtaalamu wa Australia, Tim Gabbett. Aliwafuatilia wachezaji 600 wa ridhaa kwa misimu mitatu mfululizo. Kila jeraha liliandikwa: tarehe na wakati lilipotokea, sehemu ya mwili iliyoumia, aina ya jeraha na nafasi ya mchezaji uwanjani.

Matokeo yalikuwa majeraha 160.6 kwa kila saa 1,000 za uchezaji. Ili kuielewa takwimu hiyo, tukumbuke kwamba wachezaji 13 wakicheza dakika 80 kila mmoja, timu yao huwa imetumia zaidi kidogo ya saa 17 za uchezaji. Hivyo basi, kila timu ilikuwa ikipata takriban majeraha matatu katika kila mechi. Yafaa kuongeza kwamba utafiti huo ulihesabu maumivu yoyote yaliyohitaji kukaguliwa, hata kama mchezaji hakukosa mechi iliyofuata. Tafiti zinazohesabu tu majeraha yanayomweka mtu nje hutoa takwimu ndogo zaidi. Anayelinganisha ligi moja na nyingine hana budi kuuliza kwanza neno jeraha limefasiriwa vipi.

Mafowadi, ambao hukaba na kukabwa mara nyingi zaidi, waliumia kuliko mabeki: 182.3 dhidi ya 142.0 kwa kila saa 1,000. Zaidi ya robo ya majeraha yote yalikuwa ya kichwa na shingo. Kwa upande wa aina, yaliyoongoza ni ya misuli, yaani kuvilia damu na kuchanika kwa nyuzi za misuli.

Lakini takwimu iliyowashtua wengi ni ya wakati. Asilimia 70.8 ya majeraha yalitokea katika kipindi cha pili cha mechi, na idadi ilizidi kadiri msimu ulivyokaribia ukingoni. Gabbett alitaja sababu mbili ambazo huenda zilichangia: uchovu, na mrundiko wa maumivu madogo madogo ambayo mwili haukupewa nafasi ya kuyaponya.

Uchovu na mazoezi

Kauli hiyo ya uchovu ilitiwa nguvu mwaka 2008, Gabbett alipochapisha utafiti kuhusu namna wachezaji wa raga ya ligi wanavyokaba wanapochoka. Kadiri uchovu ulivyozidi, ndivyo ufundi wao ulivyozorota. Mchezaji aliyechoka hakunji magoti wala hasogezi miguu karibu na mpinzani. Huinama kiunoni, hunyoosha mikono, na kichwa chake huachwa mahali pabaya, ambapo nyonga au goti la mpinzani laweza kukigonga. Katika kukaba, basi, anayekaba naye humo hatarini.

Je, dawa ni kuzidisha mazoezi? La, si hivyo tu. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2004, Gabbett alifuatilia wachezaji 220 wasio wa ngazi ya juu kabisa katika maandalizi ya misimu ya 2001, 2002 na 2003. Mzigo wa mazoezi ulipopunguzwa, majeraha ya mazoezini yalipungua, na wakati huo huo pumzi ya wachezaji iliimarika zaidi. Funzo ni kwamba mwili hujengwa hatua kwa hatua. Kocha anayewakimbiza vijana hadi kutapika wiki ya kwanza, baada ya miezi mitatu ya kukaa bure, hawajengi bali huwabomoa.

Kichwa si goti

Jeraha linalotia hofu kuliko yote ni mtikisiko wa ubongo. Wengi hudhani kwamba ni lazima mtu azirai ndipo ubongo uwe umetikisika. Sivyo. Idadi kubwa ya wanaopatwa na mtikisiko hawapotezi fahamu. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona maruerue, kuyumba, kusahau matokeo ya mechi, kukasirika bila sababu au kuonekana kama mtu aliyetoka usingizini.

Ugumu wa kuutambua ulidhihirika nchini New Zealand katika utafiti wa klabu ya ridhaa ya raga ya wachezaji 15, uliochapishwa mwaka 2013. Wachezaji walipimwa kwa jaribio la kusoma tarakimu upesi kutoka kwenye kadi, na muda waliotumia ukalinganishwa na ule wa mwanzo wa msimu. Mitikisiko 22 iligunduliwa. Kati ya hiyo, ni mitano tu iliyoshuhudiwa na watu waliokuwa uwanjani. Kumi na saba ingepita bila mtu kujua.

Mchezaji anayerejea uwanjani ilhali ubongo wake haujapona hujihatarisha mno. Pigo la pili, hata likiwa hafifu, laweza kuufanya ubongo uvimbe na kumuua, na vijana ndio walio hatarini zaidi. Kwa ajili hiyo, mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unasema anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe mara moja na asirejee kwenye mashindano kabla ya siku 21 kupita. Australia ilitoa mwongozo unaofanana na huo mwaka 2024. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: ukiwa na shaka, mtoe.

Yanayofaa na yasiyofaa

Kuhusu vifaa, kinga ya meno husaidia kuyanusuru meno na midomo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya jino la bandia. Kofia laini ya raga nayo hupunguza michubuko ya kichwa na masikio. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliofanywa Australia miongoni mwa vijana wa raga, na kuchapishwa mwaka 2009, haukuona kwamba kofia hizo zilipunguza mitikisiko ya ubongo. Hatari ni kwamba anayeivaa aweza kujiona salama, akaingiza kichwa mahali ambapo asingethubutu.

Lililoonyesha matumaini zaidi halihitaji fedha nyingi. Katika shule za Uingereza, wachezaji wa raga ya watu 15 walipewa mpango wa mazoezi wa takriban dakika 20 kabla ya kucheza, wenye kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, kugeuka ghafla na kuimarisha shingo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, timu zilizoufuata mpango huo angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza majeraha ya mechi kwa asilimia 72, na mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 59. Zilizoufanya kwa kusuasua hazikuvuna hivyo.

Hatua nne za klabu ndogo

Mwaka 1992 Willem van Mechelen wa Uholanzi na wenzake walieleza hatua nne za kuzuia majeraha michezoni, ambazo hadi leo ni msingi wa kazi hii. Kwanza, pima ukubwa wa tatizo. Pili, tafuta chanzo chake. Tatu, weka kinga. Nne, pima tena uone kama kinga imefaa.

Hatua hizo hazimhitaji profesa. Klabu yaweza kumteua mtu mmoja, asiyecheza siku hiyo, awe na daftari na kalamu. Aandike nani ameumia, wapi mwilini, dakika ya ngapi, akifanya nini, na alirejea mazoezini lini. Baada ya msimu mmoja, daftari hilo litasema. Ikiwa wengi huumia robo ya mwisho ya mechi, tatizo ni pumzi au uhaba wa wachezaji wa akiba. Ikiwa ni mabega ya wanaokaba, ufundi ufunzwe upya. Ikiwa ni msuli wa nyuma ya paja, pengine timu huingia uwanjani bila kupasha mwili moto.

Mtu huyo huyo apewe pia mamlaka ya kumtoa mchezaji aliyegongwa kichwa, na kocha asimpinge hata kama ni fainali. Bila mamlaka hayo, daftari litabaki orodha ya majuto.

Mafunzo haya yanawahusu vilevile wanaocheza raga ya wachezaji 15 na ya 7 katika vilabu na shule zetu, kwani migongano ni ile ile na mwili ni ule ule. Vilabu vya Huddersfield vilijitenga kwa kuwa mchezaji alihitaji kulipwa siku yake ya kazi. Zaidi ya karne moja baadaye, mchezaji wa ridhaa bado hana wa kumlipa siku hiyo. Klabu isiyoweza kumfidia ina wajibu wa kumrudisha nyumbani akiwa mzima. Wahenga walinena, kinga ni bora kuliko tiba.