Mchawi Mpe Mwana Kulea

Kiswahili hakimwonei huruma mchawi. Anayeponya tumemwita mganga, anayechezea macho ya watu tumemwita mfanya mazingaombwe. Mchawi tumemwachia kudhuru wenziwe kwa siri. Kwa hiyo msomaji wetu hushtuka akutanapo na riwaya za watoto ambamo mchawi ni binti mdogo mwenye sare ya shule na hofu ya mtihani. Nimejiuliza kwa nini riwaya hizo hupendwa mno, na naona jibu limo katika historia ya neno lenyewe.

Kwa Waingereza pia neno hilo liliwahi kuua. Mwaka 1612, mjini Lancaster, Jennet Device, mtoto wa takriban miaka 9, alisimamishwa juu ya meza mahakamani atoe ushahidi wa uchawi dhidi ya mama yake. Mama, kaka na dada yake walinyongwa. Mwaka 1692 huko Salem, katika koloni lao la Massachusetts, Dorothy Good alifungwa minyororo gerezani akiwa na miaka 4 au 5. Sheria ya 1735 ndiyo iliyogeuza mambo nchini Uingereza: tangu hapo kosa likawa kujidai kuwa na nguvu za uchawi. Neno likaanza kupoa.

Hata hivyo, halikupoa upesi. Jill Murphy alipopeleka mswada wa *The Worst Witch*, wachapishaji waliukataa wakihofu kwamba shule ya wachawi ingewatisha watoto. Kitabu kilitoka mwaka 1974, na watoto wakakipenda. Walimkuta Mildred Hubble, asiyeweza kutulia juu ya ufagio, anayekosea dawa, na ambaye paka wake ana milia ilhali wa wenzake ni weusi. Huko Japani, mwaka 1985, Eiko Kadono alimtoa Kiki nyumbani akiwa na miaka 13, kama desturi ya wachawi inavyotaka, akajitafutie riziki katika mji wa ugenini. Ujuzi wake ni kuruka tu. Akaufanya kazi ya kupeleka vifurushi. Humu uchawi ni ufundi: hufunzwa, hukosewa, hurudiwa. Mtoto anaijua hali hiyo, kwa kuwa ndiyo yake darasani.

Nnedi Okorafor alikwenda mbali zaidi katika *Akata Witch* (2011). Sunny ana miaka 12, ana ualbino, alizaliwa New York na anaishi Aba, Nigeria. Jina la riwaya limeunganisha matusi mawili anayotupiwa na mwanafunzi mwenzake: *akata*, neno la kuwadharau Wamarekani weusi, na mchawi. Kumbe nguvu anazo kweli, na ualbino uliomtenga ni sehemu ya nguvu hizo. Katika jamii inayompokea, ajifunzaye jambo huangukiwa na fedha kutoka hewani.

Kwetu Tanzania kisa hiki hakisomeki kwa wepesi. Watu wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yaliyowekundu kwa moshi wa kuni. Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata neno tulilolitengea tiba lilikuwa limeingia damu.

Wahenga walisema: mchawi mpe mwana kulea. Huwa tunaielewa methali hii kuwa ni hila: unayemshuku mpe amana, ataona haya kuidhuru. Katika riwaya hizi mchawi ndiye mwana, na linalobaki ni nani atakayemlea. Ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopata mtihani wake. Akimwita Sunny mganga, atamlinda, lakini atalifuta tusi alilorushiwa. Mimi ningeliacha neno mchawi, chungu kama lilivyo. Mtoto aliyewahi kuitwa hivyo kijijini kwao angemwona mwenziwe akiitwa vivyo hivyo, kisha akifungua daftari na kuanza kujifunza.